Wimbo Nilioutia Jina la Waya Auma

Mwalimu Kariuki aliniambia niingize jina la mtu wa kweli katika wimbo wangu, nami nikakubali. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Alikuwa amekaa juu ya dawati katika darasa letu la kidato cha tatu, mguu mmoja ukining'inia, akimenya karanga na kuangusha maganda sakafuni ambako sisi wenyewe tungefagia. Alipitia karatasi yangu ya do-re-mi, akijiimbia besi kwa mdomo uliofungwa, kisha akanirudishia. "Muziki ni mzuri," alisema, "lakini huyu mama yako wa kubuni hana damu. 'Mama mvivu, mama mvivu.' Nani atamwona? Nyinyi watu wa ziwa nyimbo zenu zinataja watu kwa majina, nimezisikia mpaka harusini. Hakuna mwanamke unayemjua aliyekimbia nyumba yake?" Nilimjua. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai yake. Ningejibu tu kwamba simjui mtu wa namna hiyo, na Mwalimu Kariuki, mtu wa Nyeri ambaye hakuwa amekaa sana Kisumu na ambaye alikuwa na kazi nyingine ya kusahihisha, angeniacha niende zangu. Nikasema, "Yupo mmoja, mwalimu. Anaitwa Auma."

Ninaandika haya kwa sababu Waya Auma amekufa mwaka huu, na hakuna tena mtu wa kuniambia kwamba ninakumbuka vibaya. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita dada wa baba. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nikikaa kwake mtaa wa Kaloleni, pale Kisumu, katika chumba kimoja alichokigawa kwa pazia la leso. Upande wa ndani kilikuwa kitanda chake, na upande wa mlango meza, jiko la makaa na mkeka wangu, ambao mchana ulikunjwa na kusukumwa chini ya meza. Kazi yake ilikuwa samaki. Alfajiri alikwenda Dunga kununua ngege kwa wavuvi, akarudi na beseni kichwani, akawaparua magamba pale mlangoni, akawakaanga na kwenda kuwauza kwa wasafiri karibu na stendi ya mabasi. Magamba yalikuwa kila mahali. Nilikuwa nikifungua kitabu cha hesabu darasani, gamba moja linaanguka juu ya dawati kama kipande cha kioo. Shati langu lilinuka mafuta ya samaki hata likifuliwa, na wenzangu hawakuniita Ochieng. Waliniita Omena, yaani dagaa. "Omena amefika, fungueni madirisha!" ndiyo iliyokuwa salamu yangu ya asubuhi, na aliyeipaza kuliko wote alikuwa Opiyo, mvulana mrefu mwenye sauti nzuri ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine shuleni.

Jioni tulikula pamoja, yeye juu ya kibao, mimi juu ya debe. Kichwa cha samaki alinipa mimi kila mara, akidai kwamba yeye ameshachoka kutazamwa na samaki kutwa nzima. Aliniuliza nilichofundishwa. Nikimwambia logi za hesabu, aliuliza, "Hiyo inaliwa na nini, nyathina?" Nyathina maana yake ni mtoto wangu. Hakuna mwingine mjini aliyeniita hivyo, na wakati ule sikulihesabu neno hilo kuwa kitu. Nilikuwa kijana mwenye aibu. Nilimwonea aibu yeye, nikaionea aibu ile beseni, na akipita karibu na lango la shule nilikuwa nikigeuka kufunga kamba za viatu. Ninayasema haya kwa sababu mtu anaweza kusoma niliyoyafanya baadaye akadhani niliponzwa na mwalimu, au na ujana, au na bahati mbaya. Nilikuwa ninamwonea aibu mtu aliyekuwa akinilisha. Mengine yote yalitoka hapo.

Jumamosi alasiri jirani mmoja mzee alikuwa akipiga nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, uani, na watu wa mtaa wakikusanyika. Kwetu muziki wa namna hiyo haupigwi mpaka mwisho bila kukatizwa. Mtu akitaka kujisifu au kumchokoza mwenzake, anapaza sauti, "Simamisha!" na nyatiti inanyamaza, naye anatema maneno yake, watu wanacheka, muziki unaendelea. Mchezo huo tunauita pakruok. Lakini kuna sharti moja. Ukimtaja mtu kwa jina na mtu huyo yupo, naye ana haki ya kuusimamisha muziki, na kila mdomo unafungwa mpaka ajibu. Mpiga nyatiti asiyesimama kwa anayejibu haalikwi tena popote. Waya Auma alikuwa hodari wa mchezo huo. Nakumbuka siku moja jirani alipiga kelele, "Mimi jirani wa Auma, ninayekula ngege kwa pua mwezi mzima!" na kabla kicheko hakijaisha Waya akainuka na kisu chake cha samaki. "Simamisha! Ni mimi Auma nyar Katito, binti wa Katito! Niliyemwacha mume Sondu na ugali ukiungua motoni, majirani wakaleta maji wakidhani nyumba inawaka! Nimekuja mjini kuwakaangia samaki wanaume wasio na meno!" Watu walianguka kwa kucheka. Yule jirani mwenyewe alicheka mpaka akayaonyesha mapengo yake.

Huo ugali ulikuwa wa kweli. Aliwachekesha nao wateja wake, akawachekesha nao wachuuzi wa Dunga. Mimi peke yangu alinisimulia sehemu iliyobaki, jioni moja ya mvua tukiwa tunakula omena. Alitoka mbio siku ile kwa sababu mume alikuwa ameingia na mpini wa jembe mkononi, na haikuwa mara ya kwanza. Alitoka na binti yake mgongoni. Alifika mpaka barabarani kungoja basi, na hapo mashemeji zake wakamfikia, wakafungua leso, wakamtoa mtoto mgongoni mwake kama watu wanaoshusha mzigo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, mtoto ni wa boma. Basi lilipofika alipanda peke yake. "Utingo aliniambia nilipe au nishuke," alisema, akaendelea kula. Mtoto huyo aliitwa Adhiambo.

Basi nilikuwa na hadithi nzima. Mashindano niliyoutungia wimbo ule, katika tamasha la Kisumu, yalikuwa ya wanafunzi wa sekondari kutunga nyimbo zao wenyewe, kwa Kiswahili, zenye mahadhi ya kwao na mafunzo kwa taifa jipya, na mtunzi ndiye aliyetakiwa kuiongoza kwaya. Wimbo bora ungerekodiwa uchezwe redioni. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Wimbo wangu ulihusu nyumba na malezi, na katikati yake niliweka pakruok: kwaya inanyamaza, Opiyo anapiga hatua mbele na kutangaza. Niliandika juu ya meza ya Waya, yeye akiwa nje anaparua samaki. Niliandika ugali ulioungua. Niliandika mtoto anayelia. Mpini wa jembe sikuuandika, wala mashemeji. Katika wimbo wangu Auma wa Sondu alichoka tu na kazi za nyumbani, akamtupa mtoto jikoni, akakimbilia taa za mjini.

"Simamisha!" Opiyo alipiga kelele siku ya kwanza ya mazoezi. "Mwaona yule Auma wa Sondu? Ugali waungua, mtoto alia, mama yuko barabarani!" Na kwaya ikapokea, "Kimbia, Auma, kimbia! Nyumba haina mtu!" Wavulana walikufa kwa kucheka. Walirudia mapokezi hayo chooni, uwanjani na kwenye foleni ya chakula. Opiyo alinijia baadaye akiwa bado anafuta macho. "Omera, ndugu yangu, huyu Auma si yule mama yako wa samaki?"

"Kina Auma ni wengi," nilisema.

"Ni yeye, Omena! Nakuona usoni!" Akanipiga begani, kwa urafiki. "Wewe ni mbaya, bwana. Wewe ni mbaya sana." Nami nikafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nije shule ile, kicheko kilikuwa kimenipita kikaenda kwa mtu mwingine.

Siku chache baada ya hapo nilimkuta Waya akipaka chokaa ukutani. Alikuwa amenunua blanketi jipya, nalo lilikuwa juu ya kitanda, bado limefungwa kamba ya dukani. Shangazi mmoja wa Sondu alikuwa amepita na habari. Adhiambo alikuwa ameingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, na kwaya yao inakuja Kisumu kwenye tamasha. Baba yake alikuwa amelegea, pengine kwa uzee, pengine kwa kuchoka na karo. Alikuwa amesema msichana anaweza kumwamkia mama yake hapo ukumbini, na kama mtoto mwenyewe akitaka, aje akae kwake likizo ya Desemba. "Kama mwenyewe akitaka," Waya alirudia, brashi ikidondosha chokaa miguuni pake. "Nimwambie nini kwanza, nyathina? Wewe una shule. Watoto wa shule huambiwa nini?"

"Mwambie hujambo."

"Hujambo tu?"

"Halafu mpe samaki."

Alicheka, akasema mimi ni mjinga kama baba yangu. Kisha akaniuliza kama nitaudhika nikihamia kwa jirani mwezi wa Desemba, ili mkeka ule uondoke na Adhiambo asifikiri anaingia stoo. Nilisema sitaudhika. Wimbo ulikuwa bado mikononi mwangu. Ningelibadilisha jina likawa la mwanamke yeyote wa dunia, na Opiyo angelishika kabla ya jioni. Nilijiambia kwamba kwaya za wasichana zitaimba mapema na Waya ataondoka na binti yake kabla ya zamu yetu. Nilijiambia pia kwamba Mwalimu Kariuki atakasirika. Hakuna hata moja kati ya hayo nililoliamini. Niliogopa kwamba bila jina lile wavulana hawatacheka, nami nitarudi kuwa Omena.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanafunzi walikaa mbele kwa shule zao, wazazi nyuma. Waya Auma alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona na viatu vilivyokuwa vikimbana, na mapajani alishika kifurushi cha samaki aliofunga kwa gazeti na kitambaa. Kwaya ya kina Adhiambo iliimba mapema, kama nilivyotumaini. Nilimtambua kwa paji la uso, lilikuwa la Waya kabisa. Lakini wanafunzi walikatazwa kutoka kabla ya matokeo, kwa hiyo alirudi kukaa na wenzake, mstari wa tatu, na Waya akabaki nyuma akimtazama kisogo. Kisha tukaitwa sisi. Mwalimu Kariuki alikuwa ametuonya kwamba kengele ya mwamuzi haina huruma na muda ukipita tumeanguka. "Hata paa lianguke," alisema, "macho kwa Ochieng."

Tuliimba vizuri. Siwezi kudanganya juu ya hilo, tuliimba vizuri kuliko siku yoyote. Opiyo akapiga hatua mbele. "Simamisha!" Ukumbi ukanyamaza. "Mwaona yule Auma wa Sondu? Ugali waungua..." Watu wakaanza kucheka, na kutoka nyuma kukatoka sauti niliyoijua.

"Simamisha!"

Waya alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira. Nimeupitia uso ule mara nyingi, na hasira sikuiona. Alikuwa ametajwa mbele ya watu na alikuwa anadai haki yake kama angeidai uani kwetu, mkono mmoja juu, kifurushi kwapani. "Simamisha kwanza! Auma ndiye mimi! Nina jibu." Wazee kadhaa wa nyuma wakaitikia, "Mwacheni ajibu! Mwacheni!" Kwaya nzima ilikuwa ikinitazama mimi, midomo wazi, mikono yangu ikiwa hewani. Mwalimu Kariuki alijua nusu ya mila hiyo. Mimi niliijua yote. Nilichotakiwa kufanya ni kushusha mikono. Katika mstari wa tatu Adhiambo alikuwa amegeuka, akimtazama yule mwanamke wa gauni la kijani. Waya akamwona anamtazama, akalielekeza jibu lake kwake. "Mwanangu," alianza, "siku ile..." Nikaishusha mikono kwa nguvu, lakini kwa kuiashiria kwaya iingie. "Kimbia, Auma, kimbia! Nyumba haina mtu!" Sauti hamsini za wavulana. Mdomo wa Waya uliendelea kutikisika kwa muda, nao ukumbi ukapiga makofi kwa mahadhi, na wasichana wa mstari wa tatu wakapiga makofi, wote isipokuwa mmoja. Waya akakaa.

Mwamuzi mkuu alikuwa Mzungu mwenye mvi, mtu mpole. Alituita mezani pake, mimi na mwalimu. "Yule mama aliyesimama," aliuliza, "mlimweka nyinyi?" Mwalimu Kariuki alinitazama. Alikuwa ameanza kuelewa na rangi ilikuwa imemtoka, lakini aliniachia mimi. "Ndiyo, bwana," nilisema. "Ni sehemu ya wimbo." Mzungu akaandika kitu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Tulipotangazwa washindi alisifu hasa ubunifu wa kumficha mwigizaji kati ya watu, akaomba yule mama asimame apigiwe makofi. Walio karibu naye walimwinua kwa viwiko. Alisimama na kifurushi chake, akapigiwa makofi na ukumbi mzima.

Nje, lori la shule ya wasichana lilikuwa limeshawasha injini. Waya alisimama karibu na ngazi yake. Nilikuwa mbali kidogo, kikombe cha ushindi mikononi, Opiyo kanishika shingo. Msichana mmoja akaimba kwa sauti nyembamba, "Kimbia, Auma," na wengine wakacheka, na mwingine akauliza, "Adhi, kumbe ndiye mamako?" Adhiambo alipita mbele ya Waya bila kuinua macho. "Huyo simjui," alisema, akapanda. Waya aliinua kifurushi, lakini ubao wa nyuma wa lori ulikuwa umefungwa.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikuwa amevua viatu na alikuwa akisonga ugali. Alipakua, akaweka mbele yangu samaki wale aliowabeba kutwa nzima, na kichwa akaniwekea upande wangu.

"Ulinisikia niliposema simamisha?"

"Ndiyo, Waya."

"Ulijua ni mimi."

"Ndiyo."

"Basi kula," alisema, akanitazama mpaka nikamaliza.

Wimbo ulichezwa redioni. Ulichezwa mpaka Sondu, mpaka Katito, na watoto wa Kaloleni waliuimba wakiruka kamba mbele ya mlango wetu bila kujua wanamwimba nani, kisha wakajua, nao hawakuacha. Wateja wa stendi walimwita Kimbia. "Kimbia, leo samaki ngapi?" Katika shule ya Adhiambo, nilisikia baadaye, lilikuwa ndilo jina lake pia. Desemba blanketi lilikaa juu ya kitanda na kamba yake. Waya hakunifukuza. Alinilisha mpaka nikamaliza kidato cha nne, akaniamsha kila asubuhi, akaniuliza kama nimepata kalamu. Ila hakuniita tena nyathina. Aliniita Ochieng, kama watu wote, na jirani akipiga nyatiti yeye alifunga mlango. Niliwahi kumwomba anisimulie lile jibu, nikiwa tayari mtu mzima mwenye kazi. Aliniambia halikuwa langu.

Adhiambo hakuja Desemba hiyo wala nyingine. Aliolewa, akazaa, akawa bibi, mwendo mfupi tu wa basi kutoka kwa mama yake, na hakukanyaga Kaloleni. Waya alizikwa Sondu, katika boma lile lile alilolikimbia, kwa kuwa ng'ombe hawakuwahi kurudishwa. Nilikwenda. Adhiambo alinikuta langoni, mwanamke mzee mwenye lile paji la uso.

"Wewe ndiye mwenye wimbo?"

"Ni mimi."

"Ulikaa kwake miaka mingapi?"

"Minne."

"Mimi sikukaa hata siku moja," alisema. "Rudi Kisumu, mzee. Leo hapa hakuna nafasi yako."

Nilirudi. Lile "Yupo mmoja" nililomwambia mwalimu darasani lilimgharimu Waya Auma mtoto wake wa pekee. Mimi lilinigharimu yeye. Baada ya siku ile nilikaa naye chumba kimoja mwaka mzima na zaidi, nikala chakula chake, na sikuwa na Waya tena.